Vidirisha vya Marehemu

Shemeji aliingia ofisini kwetu amekumbatia kompyuta yake kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa, akaitua juu ya meza yangu bila salamu. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za watu. Kazi yangu ya pili, tangu kaka amuoe, ni kumtania yeye.

"Leo hata hodi hakuna? Ndiyo nimeshakuwa mume?"

"Uwe mume na soksi hizo?" Akavuta kiti. "Shemeji, kaka yako amenyamaza."

Kaka alikuwa amefariki tangu mwaka jana.

Kaka alikuwa mpiga picha. Picha za familia alizipanga kwenye albamu ya mtandaoni, kila ndugu na nywila yake, na chini ya kila picha kuna kisanduku cha maelezo ambacho hata mgeni aliweza kukijaza: huyu nani, hapa wapi. Programu ya albamu hiyo ilikuwa na ujinga mmoja. Ukiandika maneno, inaonyesha maneno. Ukiandika amri za kompyuta, haikuulizi umetumwa na nani; inazipokea, na kompyuta ya kila atakayeifungua picha ile inatii. Ni kama mpishi anayemimina sufuriani chochote anachopewa mlangoni, iwe chumvi, iwe sumu.

Mwizi mmoja aliunusa ujinga huo. Mwezi uliopita aliandika chini ya picha ya mazishi, "Poleni wafiwa," na nyuma ya pole akaficha amri. Shangazi akaifungua, akajibu asante kwa heshima zote, na papo hapo ufunguo wake wa kuingilia ukasafiri hadi kwa mwizi. Kesho yake ukoo mzima ukapokea, kutoka kwa shangazi ambaye hata sketi ya magotini humkera, picha za wanawake wasio na nguo. Mpaka leo hapokei simu za wajomba.

Albamu nyingi za watu wengine ziliingiliwa vivyo hivyo, wenye programu wakashtuka. Wakaliziba tundu, wakafagia amri zote zilizokuwa chini ya picha. Niliwasifu. Hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

"Sasa kaka anaingiaje hapa?" nikauliza.

Shemeji akafungua picha ya harusi yao. Yeye yuko katikati, kakunja uso kwa sababu ya jua.

"Hii nikiifungua, kilikuwa kinaruka kidirisha hapa. Kimeandikwa, 'Nani kakulazimisha?' Nabonyeza Sawa, kinaondoka. Kuna ile napika, kinasema, 'Mwiteni daktari kabisa.' Aliviweka akiwa kitandani, anaumwa. Akaniambia nimekutegea mitego, usiitafute, utakutana nayo mwenyewe."

Kaka alikuwa amepita kwenye tundu lile lile la mwizi, na ufagio haujui yupi mwizi na yupi mume.

"Vilikuwa vingapi?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nafungua picha moja mpya kila Jumapili. Nyingine ina kitu, nyingine haina. Sikutaka viishe." Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Si mlinifundisha akiba haiozi?"

Niliwapigia wenye programu. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Alisema hata nakala za zamani wamezifuta, kwa kuwa zilibeba uchafu wa mwizi. Nikamshukuru, nikakata.

Shemeji hakungoja nimweleze. Alikuwa ameusoma uso wangu.

"Lifungue tena hilo tundu."

"Nikilifungua, vilivyofagiwa havirudi. Atakayerudi ni mwizi."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, shemeji."

Alitazama dirishani, kwenye ukuta wa jengo la jirani, ambako hakukuwa na cha kutazama. Mimi kimya kinanichoma kuliko pasi, nikaropoka: "Nitakutengenezea vipya. Ni kazi ndogo, na hakitabaki kitundu cha mwizi. Kaka nilimjua nje ndani, naweza kuandika kama yeye."

"Utaandika wewe."

"Mimi, ndiyo."

"Basi nitakuwa nabembelezwa na shemeji yangu kila Jumapili. Mkeo atanimwagia maji ya moto."

Tukacheka. Kicheko chake ndicho kilichokatika kwanza.

Akaivuta kompyuta karibu. "Haya. Hakuna cha kubania tena," akasema, akaanza kuzifungua zile alizokuwa amejiwekea. Yeye amelala kwenye kochi, kitabu usoni. Yeye anagombana na kufuli la mlango. Yeye na shangazi wanachambua mchele, wote wamenuna. Kwenye kila picha alisubiri kidogo, kama mgeni aliyebisha hodi akasikia watu ndani, kisha akasogea kwenye inayofuata. Wenzangu walitoka kwenda kula. Hakuna aliyetuuliza kitu.

Akafika kwenye picha ya mvua. Amesimama kando ya barabara, mwavuli umepinduliwa na upepo, ameushika vile vile juu ya kichwa kana kwamba unamfaa kitu. Hapo alikaa muda mrefu.

"Huu mwavuli hakuuacha hivi hivi," akasema. "Lazima hapa alisema kitu."

"Angesema nini?"

Alifungua mdomo kunijibu. Akatafuta, nikaona kabisa anatafuta, macho yakihangaika juu ya ile picha.

"Vidirisha nilivyoviona nakutajia vyote bila kukosea," akasema. "Hii sijui, shemeji. Kaka yako alikuwa hatabiriki. Sijui kabisa."