Daktari wa Miwani

Alois Wrbka hakuwa na shahada, hakuwa na koti la maana, na tangu mkewe Gerti afariki hakuwa na mtu wa kumwuliza amesoma nini leo. Miwani alikuwa nayo.

Ndiyo iliyomponza. Siku ya kwanza alipoingia Maktaba ya Taifa, katika jumba la makaizari wetu wa zamani, mzee wa kupokea makoti alimwinamia.

“Karibu, Bwana Daktari!”

“Nani, mimi?”

“Vienna hii, mwenye miwani ni daktari. Akishika na mkoba, profesa. Lete koti.”

Alois alicheka, hakukanusha. Maisha yake yote alijenga majiko ya vigae ya kupasha joto katika nyumba za watu, na elimu aliitafuta jioni, akishanawa udongo. Cheo kile kilimkaa vizuri.

Lakini Bi Hedwig Zawadil, mjane wa meza ya pili, alikuwa nyuma yake akasikia. Naye akamwita hivyo hivyo.

“Daktari, vitabu vya nyuki tena leo?”

“Nyuki hawachoshi, Bi Hedwig.”

“Una bahati. Marehemu mume wangu alinichosha kabla ya kifungua kinywa.”

Wakawa wanashuka pamoja kunywa kahawa. Giza lilipoanza kuwahi kuingia, Bi Hedwig aliisogeza taa yake imwangazie na Alois. Alois alisoma ukurasa mmoja mara tatu.

Halafu akaalikwa.

“Jumapili uje kwangu, ule nyama ya kuchemsha. Dada yangu atakuwepo. Nimemwambia: msomi, na meno bado yake. Kikadi chako cha mezani nimeshakiandika: Daktari Wrbka.”

Alois alifungua mdomo aseme ukweli. Ikatoka, “Asante.”

Nyumbani, supu ilipoa mbele yake. Angeweza kwenda, akala, akapendwa. Lakini angependwa yule wa kwenye kikadi. Akachukua karatasi.

“Bi Hedwig, mimi si daktari wa chochote. Nilikuwa fundi wa majiko. Uliponiita vile nilifurahi, nikanyamaza, na kosa ni langu. Ukiona bora nisije, nitaelewa, na nitahamia meza ya mbali. Ukiona nije, nitakuja na maua. Alois.”

Aliisoma mara moja tu, asije akaipamba. Akalamba bahasha, akaifunga, akateremka na kandambili zake hadi kwenye sanduku la posta la kona, akaitumbukiza.