Miche Mia Nane Kutoka Punje Mia

Bibi Chausiku alishuka kutoka Matombo na kibuyu kwapani. Ndani mlikuwa na maharage ya marehemu mama yake, yaliyokaa miaka saba uchagani juu ya moshi wa jiko. Tangu maduka ya mbegu yazagae, kijiji kizima kilikimbilia za paketi, naye hakubaki nyuma. Sasa mbegu ile haikuwepo kwa mwingine yeyote. Kama imekufa, ndiyo imekwisha.

Mjukuu wake Latifa, mtengenezaji wa kurasa za mtandao katika intaneti kafe moja mjini, alimpa shikamoo, akamkalisha mbele ya kompyuta. Ukurasa wake ulikuwa tayari: unaandika mbegu imekaa miaka mingapi, unaambiwa punje ngapi katika mia zitaota. Mbegu zina namna yake ya kufa. Kila mwaka hupotea fungu lilelile la zilizobaki. Mwanzoni Latifa alipiga hesabu hiyo mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, akakwama kwenye miezi ya katikati. Kisha akaikuta Math.exp, hesabu iliyokuja tayari ndani ya JavaScript: unaipa namba, inakupa jibu. Alijisifu nayo wiki nzima.

Akaandika saba, akabonyeza. Kioo kikaonyesha 817.

Bibi hakusoma sana, ila mia aliijua. Akauliza ni shamba gani hilo ambalo punje mia hutoa miche mia nane. Latifa aliona aibu kweli. Alikuwa amesahau alama ya kutoa, na bila alama hiyo Math.exp hukuza badala ya kupunguza. Mashine haikukosea, ilitii tu. Akaiweka alama, akabonyeza tena. Kumi na mbili.

Bibi akakikumbatia kibuyu. Akasema basi, afadhali ayapike, ale amkumbuke mama yake. Latifa moyo ulimuuma.

“Bibi, kumi na mbili si sufuri,” alisema. “Hesabu punje mia, uzifunike kwa gunia lililoloana. Jumamosi ya pili nakuja.”

Jumamosi hiyo akapanda mlima. Gunia lilikuwa chini ya mgomba, bado linachuruzika maji. Walilifunua, wakahesabu mara mbili kwa sababu ya furaha tu. Zilizoota zilikuwa kumi na nne.

Kando yake Bibi alikuwa ameshachimba mashimo kumi na mawili.

“Mashine yako imenipunja mawili,” alisema, akashika jembe.