Bastola Moja ya Kwenda Nayo

Jumamosi, baada ya mayai na mkate wa mahindi, Vernon Tidwell alitandika taulo kuukuu juu ya meza ya jikoni, akatoa bastola zake tatu kwenye kasha la chuma na kuziweka kando ya taulo. Alizifungua moja moja, akachungulia chemba, kisha akaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha hamna risasi. Watu wa upande ule wa Texas hufundishwa jambo hilo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Baada ya siku chache yeye na mkewe Nadine walikuwa wanahamia Uruguay, kwa binti yao aliyeolewa huko. Wakala aliyeshughulikia mizigo yao alikuwa amempigia simu. "Mzee, leta moja tu. Ukileta mbili utaniletea balaa forodhani, na mimi nina watoto." Vernon alibisha, akanuna, mwishowe akakubali. Mtu aliyelala na bastola chini ya mto tangu ujana wake humwambii aende ughaibuni mikono mitupu, lakini moja si haba.

Ya kwanza ilikuwa rivolva ya babu yake. Ilipogusa taulo tu, punda wa jirani, yule punda ambaye babu alimpiga risasi akafa kwa kosa la kuvuka ua, aliingia kwa mlango wa nyuma na kuanza kutafuna pazia.

"Huyo sitaki hata kumwona," alisema Nadine akimsukuma kwa ufagio. "Pazia langu jipya hilo! Mwachie mdogo wako, aibebe na punda wake."

Vernon aliirudisha rivolva kwenye kasha na punda akatoka. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kukaa kwenye kisanduku cha dashibodi ya gari lake. Maisha yake yote ilikuwa haijaua kitu ila makopo ya bia. Alipoiweka juu ya taulo hakuja mtu.

Ya tatu ndiyo ilikuwa bastola yake ya kazi. Alipostaafu upolisi, akiwa naibu sherifu, wenzake walimzawadia hiyo, ndani ya sanduku la mbao lenye kibati cha shaba kilichochorwa jina lake na maneno ya shukrani. Siku hiyo keki ilikatwa na makofi yakapigwa. Sasa ilipogusa taulo, Efraín Saldaña aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha karibu na friji. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na alikuwa na umri huo kwa muda mrefu. Shati lake lilikuwa na matundu mawili kifuani. Nadine alikuwa amejaribu kuyashona, lakini uzi haukushika. Mkononi alikuwa na kadi ya bima ya gari.

"Afande," alisalimia.

"Kijana," aliitikia Vernon.

Nadine alimmiminia chai ya barafu na kumwekea sukari nyingi, kama alivyopenda.

Habari yake mji mzima uliijua. Vernon alilisimamisha gari lake kwa sababu taa ya nyuma ilikuwa haiwaki, akamwambia atoe hati. Efraín akafungua kisanduku cha dashibodi. Sasa, kisanduku cha Vernon kilikuwa na bastola. Cha baba yake kilikuwa na bastola, na cha mchungaji wa kanisa lao vilevile. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kuweka humo karatasi. Alifyatua mara mbili. Uchunguzi ulisema Vernon alikuwa na sababu ya kuogopa, na Jumatatu akarudi kazini.

"Chukua hiyo ndogo," alisema Nadine. "Haina mtu."

"Hainikai mkononi. Tazama kidole changu hiki, kitaingia wapi?"

"Unakwenda kulea wajukuu, Vernon! Kidole cha nini?"

"Hii nyingine naiamini. Haijawahi kuniangusha."

"Hilo hata mimi ni shahidi," alisema Efraín kwa adabu. Nadine alicheka, halafu akaziba mdomo kwa aibu.

Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Graciela Saldaña, mama yake Efraín, na sufuria moto aliyoifunga kwa kitambaa, ya tamale, yaani unga wa mahindi na nyama vilivyopikwa ndani ya maganda ya mahindi. Tangu maziko hakuwahi kukanyaga nyumba ile. Mwanamke aliyekuja kununua makochi ya Nadine ndiye aliyemwambia kwamba mwanawe huwa anashinda jikoni kwa akina Tidwell. Nadine alikuwa ametaka kumwambia mwenyewe mwaka wa kwanza. Akaona haya, na kila mwaka uliofuata haya ikazidi.

Graciela aliweka sufuria mezani, akamtazama mwanawe kuanzia viatu.

"Umekonda."

"Ni shati, mama. Limepanuka tu."

Alimfunga kifungo cha shingo, akamfungulia tamale kwenye sahani. Alimpa habari za goti la shangazi, na za mbwa wao aliyekufa kwa uzee. Efraín alikula na kuuliza maswali. Vernon alijifanya anapaka mafuta chemba ambayo ilikuwa imekwisha kupakwa.

"Bwana Tidwell," Graciela alisema hatimaye, "sikuja kugombana. Nenda salama kwa binti yako. Hiyo hapo niachie mimi."

"Utaifanyia nini?"

"Nitaiweka mezani."

Kumpa mtu bastola si jambo kubwa kule. Vernon alishawahi kuwapa wapwa zake kwenye harusi zao. Unaifungua mbele ya mpokeaji, unamwonyesha chemba ni tupu, naye anaangalia kwa macho yake ndipo anapokea. Vernon aliichukua, akaifungua, akamnyooshea. Graciela hakujua pa kuangalia, akamwangalia yeye usoni.

Mkono wa Vernon ukasita. Aliwafikiria wazee wenzake pale mgahawani, kahawa mbele yao, wakiulizana kwa nini Vernon amempa yule mama bastola ile. Angejibu nini? Kumpa ilikuwa sawa na kusema alikosea. Na akishasema, keki ile ilikuwa ya nini, na makofi yale? Alijionea huruma sana. Akaifunga na kuirudisha juu ya taulo.

"Ni ukumbusho wa kazi yangu, mama. Siwezi."

"Ukumbusho," alisema Graciela.

"Vernon, jamani!" Nadine alipaza sauti. "Mpe mama wa watu mwanawe!"

"Hapa hakuna mwana wa mtu. Kuna bastola," alisema Vernon, na Efraín akamwomba amsogezee chumvi. Akamsogezea.

Efraín alimsindikiza mama yake. Walishikana mikono hadi kwenye lango, na hapo yeye akakoma, kwa kuwa mbali na bastola hakuweza kwenda. Graciela alipiga hatua moja barabarani, mkono wake ukabaki mtupu. Alisimama akiutazama, kisha akaenda zake. Nadine aliosha sufuria ya Graciela akilia waziwazi, na jioni akaipeleka, asijue la kusema mlangoni.

Bastola ndogo ilichukuliwa na jirani mmoja mwenye vidole vyembamba. Rivolva ilikwenda kwa mdogo wake Vernon, na punda akaifuata barabarani bila haraka. Ile ya kazi ilisafiri ndani ya sanduku lake la mbao. Forodhani waliikagua kwa muda mrefu. Efraín, aliyesimama kando yake, hakuulizwa kitu.

Siku ya pili katika nyumba mpya, Vernon aliitoa ili aone kama safari imeiharibu. Efraín aliingia kutoka upande wa bahari, viatu vimejaa mchanga, akauliza nyumbani ni upande gani. Nadine alimwonyesha dirisha la kaskazini. Kijana alihamisha kiti chake, akakaa akitazama huko. Kisha alimgeukia Vernon, akamnyooshea ile kadi.

"Afande, tazama tu basi. Ni bima."

"Weka mikono mezani," alisema Vernon, "mahali nitakapoiona."

Efraín akaiweka mikono yote miwili.