Fulana Isiyopaswa Kufuliwa

Mimi na nguo chafu hatupikiki chungu kimoja. Ndiyo kazi yangu hapa kituo cha watoto, kufua, na watoto wote thelathini na mmoja wananiita Bibi Dobi. Kwa hiyo Jumatatu ile nilipotoa shuka la Kiroboto na kukuta ndani yake fulana ya mtu mzima inayonuka jasho, sikuuliza mtu. Niliitia kwenye beseni, nikaipaka sabuni ya mche mara mbili, nikaisuuza, nikaianika, nikajipongeza.

Matroni aliiona kwenye kamba, akashika kiuno.

“Dobi, hiyo umeifua?”

“Ulitaka niikaange?”

Hakucheka. Akanieleza kwamba fulana ile ilitoka ng'ambo ndani ya mfuko uliozibwa. Mama anayetaka kumwasili Kiroboto aliilalia wiki nzima, makusudi, ili mtoto aizoee harufu yake kabla hawajaonana. Na kila jioni matroni alikuwa akimwambia mtoto: mwenye fulana hii atakuja kukuchukua. Yote hayo yalisemwa kikaoni, na mimi vikaoni siitwi.

Kiroboto ana miaka mitatu, na jina tulimpa kwa sababu hatulii mahali. Gari likipiga honi, wenzake hukimbilia getini. Yeye hukimbilia nyuma ya nyumba. Mwaka jana walikuja mume na mke, akawalilia siku mbili mfululizo mpaka wakakata tamaa.

“Akimkataa na huyu, hakimu hatasaini,” matroni alisema. “Na sijui kama atapatikana mwingine. Funga mdomo wako.”

Nikaufunga. Jumanne nilifua mapazia yaliyokuwa safi, kwa kuwa kukaa nilishindwa.

Jumatano mama mgeni alishuka garini, mrefu, macho mekundu kwa safari, akachuchumaa uani na kunyoosha mikono. Pembeni alisimama afisa ustawi na daftari lake. Ripoti yake kwa hakimu ilitakiwa Ijumaa. Kiroboto alisogea taratibu, fulana mkononi. Akanusa bega la yule mama. Akainusa fulana. Kisha akatimua mbio hadi kwenye mabeseni, akanishika sketi kwa mikono miwili.

“Ni wewe,” akasema. “Umekuja kunichukua.”

Niseme kweli, nilifurahi. Nina miaka hamsini na minne, sikujaliwa mtoto, na nilisimama pale mikono ina povu, nimefurahi kama mwizi. Afisa aliandika kitu.

Alhamisi Kiroboto alinifuata toka beseni hadi kamba, kamba hadi beseni, na mama mgeni akisogea tu, kilio. Yule mama akaishia kukaa kwenye ngazi na kitabu cha picha ambacho hakuna aliyekitazama. Mimi nikafua, nikafua upya nilichokwisha kufua. Ningenyamaza siku moja tu zaidi, Kiroboto angebaki. Lakini angebaki na nani? Mimi jioni narudi kwangu.

Saa tisa nikajikaza kisabuni, nikamwendea afisa.

“Mwambie fulana yake niliifua mimi. Mtoto hamkatai yeye. Anatafuta sabuni.”

Afisa akatafsiri. Nikasubiri matusi. Mama mgeni alinitazama, akaitazama mikono yangu, halafu akakunja mikono ya shati lake na kuja kuinama kwenye beseni. Tulifua mpaka saa kumi na mbili. Kukamua hajui hata kidogo. Shuka moja lilimlowesha hadi magotini. Nilimkaripia, na alinielewa bila mkalimani.

Ijumaa sikugusa sabuni. Nilimwachia mama mgeni mabeseni yote, mimi nikaenda jikoni nikamwomba mpishi kazi, akanipa vitunguu nimenye. Kiroboto alinifuata huko huko. Akanusa mikono yangu, akakunja pua.

“Bibi Dobi, unanuka.”

“Nanuka sana,” nikamwambia. “Nenda kwenye mabeseni, kuna mtu ananukia.”

Akaenda. Nilichungulia dirishani, roho juu. Alimzunguka yule mama mara mbili, akainusa fulana, akanusa kiganja cha mama, akakinusa tena. Kisha akampanda mapajani, na maji yote yale, akatulia. Sijawahi kumwona ametulia vile. Afisa akafunga daftari.

Waliondoka wiki iliyofuata. Kwenye sanduku lao mlikuwa na miche miwili ya sabuni, niliyoifunga mwenyewe kwa gazeti.

Jumatatu baada ya hapo matroni alikuwa anapanga kabati la mashuka.

“Dobi, shuka la Kiroboto silioni.”

“Lipo.”

“Lipo wapi?”

“Kwangu,” nikasema. “Sijalifua.”