Mafuta ya Dada Pacha

Dada yangu ananizidi dakika kumi tu, lakini hizo dakika anazivaa kama cheo. Sisi ni pacha wa kufanana. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nilikata nguo zetu sote wawili kwa kipimo kimoja. Siku hizi kiuno chake kinataka kipimo chake peke yake. Nikimwambia, jibu analo mdomoni.

"Ukoo huo, mdogo wangu. Baba alikatwa mguu kwa sukari, mimi ni nani?"

Ukoo! Kana kwamba marehemu baba ndiye anayemtilia mafuta ya mgando kwenye sufuria.

Watafiti wa hospitali walipokuja kutafuta pacha, tulijiandikisha. Wakatupima damu, wakakuta tumerithi vinasaba vilevile, na miili yetu yote miwili imeanza kuigomea insulini. Muuguzi akatueleza taratibu, kama anayefundisha watoto.

"Vinasaba tu havitoshi kuwaangusha. Lakini kwa watu kama nyinyi, mafuta ya mgando yakizidi, mwili unaacha kuitii insulini, sukari inabaki inazurura kwenye damu."

Akasema atatupa kila mmoja dumu la mafuta ya alizeti kila mwezi. Kwa miezi mitatu tupikie hayo tu, mgando marufuku. Dada akaitikia kwa kichwa, mtu mzima mwenye adabu zake.

Wiki ya pili nikampelekea gauni saluni kwake. Dada ni msusi. Nikalikuta dumu la utafiti juu ya meza ya vitana, naye anachota mafuta kwa kiganja, anampaka mteja kichwani. Kwenye jiko la nyuma, kopo la mgando lilikuwa wazi, kijiko kimesimama ndani. Yaani hospitali nzima imekaa kikao ili mteja wa dada ang'ae nywele!

Nilicheka kimoyomoyo. Nikamwachia gauni lake, nikaenda zangu. Endelea tu, nikawaza, tutaonana siku ya majibu.

Siku ya majibu ikafika. Insulini yangu ilikuwa imerudi kazini vizuri. Kwa dada mgomo ulikuwa umezidi, na sukari yake sasa ilikuwa imevuka mpaka. Kisukari, tena si cha kubahatisha. Muuguzi alizirudia karatasi mara mbili, amekunja uso. Vinasaba vilevile, mafuta yaleyale, imekuwaje?

"Si nilisema ni ukoo," dada akasema.

"Ukoo gani?" nikadakia. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo kwa hamu. "Mafuta yote yameishia kwenye vichwa vya wateja! Nimemwona kwa macho yangu tangu wiki ya pili!"

Muuguzi akaweka kalamu chini. Dada hakukana. Alinigeukia na uso uleule ninaouona kwenye kioo kila asubuhi, macho yamemjaa machozi.

"Wiki ya pili," akasema. "Umenishonea magauni manne baada ya hapo. Umenipima kiuno kwa mikono yako. Na ukanyamaza?"

Nilikuwa na jibu moja tu, nalo la aibu: nilitaka nishinde.

Muuguzi akamwandikia dada vidonge vya kuanza siku hiyohiyo. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akanipa mkono na kunipongeza kwa majibu yangu.