Dakika Sita za Kaburi Wazi

Kwa miaka minne bendi ya mume wangu haikuwahi kumaliza hata wimbo mmoja mbele ya watu. Sisemi hivi kumdhihaki. Nyimbo zenyewe nimezisikia zote mpaka mwisho, chumbani kwetu Kilwa Masoko, nikikunja nepi za mwanetu Angela. Mambo yalikuwa yanaharibika wakiwepo watu.

Bendi inaitwa Kaburi Wazi. Wanapiga deth meto, muziki wa gitaa kali na ngoma za mbio, ambao mwimbaji wake haimbi, ananguruma kutoka tumboni, habari za mifupa, funza na mwisho wa dunia. Anayenguruma ni Sipriani, mume wangu, ambaye kwa sauti yake ya kawaida hawezi hata kufukuza kuku jikoni. Gitaa ni Brighton, fundi simu, anayevaa wigi la dada yake ili apate nywele za kurusha. Ngoma ni Mfaume, fundi wa kuchomelea mageti, na anazipiga kama mtu anayelikimbilia basi.

"Sisi ni andagraundi kwa kupenda," Sipriani alimwambia mama yangu.

"Afadhali, baba," mama akajibu, "maana huku juu sijasikia mtu akiwaita."

Onyesho la kwanza umeme ulikatika. La pili, uwanja wa shule, akina mama walikuja kuchukua watoto wao, na watazamaji wote walikuwa ndio hao watoto. La tatu mzee mmoja msamaria alidhani Sipriani amekwamwa na mwiba wa samaki. Akapanda jukwaani, akampiga mgongoni, akamtia tonge la ugali mdomoni alimeze bila kutafuna. Sipriani akameza. Angefanyaje? Yule ni mtu mzima.

Mwaka huu likatokea tamasha la Nairobi, la bendi za aina hiyo tu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nikaijaza mimi, maana nasoma masomo ya jioni na Kiingereza sasa hakinitishi sana. Sharti lilikuwa moja: video ya wimbo mmoja, mzima, usiokatwa, mbele ya watu. Mwisho wa kutuma Jumatatu.

"Tukikosa hii, naacha," Sipriani aliniambia. "Tutahamia Kitomanga kwa mjomba, nikalime korosho."

Sina ubaya na korosho. Lakini namjua mume wangu asiponguruma. Anakaa kimya wiki nzima, anaangalia ukuta, mpaka mtoto anamwogopa. Akinguruma, Angela hulala fofofo. Basi nikaomba Mungu, na sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumwomba Mungu kwa ajili ya wimbo unaoitwa "Karamu ya Funza".

Tulichopata ni harusi. Bi Esha wa Kinjumbi, shangazi yake Mfaume, alikuwa anamwoza mjukuu Jumamosi, na wapiga muziki wake walikuwa wamemkimbia.

"Mna kinanda?" alimuuliza Mfaume kwenye simu.

"Hatuna, shangazi."

"Ngoma je?"

"Zipo tele."

"Basi njooni. Na mvae vizuri."

Wakavaa nyeusi tupu, na Brighton akachana wigi. Saa kumi alasiri jenereta likawashwa, wageni wamejaa kwenye mikeka, bibi harusi kafunikwa, pilau linanukia. Nilisimama mbele na simu, Angela mgongoni. Mfaume akagonga fimbo zake mara nne, wakaanza.

Watoto walikimbilia nyuma ya mama zao. Wanaume wakasimama. Nikajua sasa hivi mtu atazima jenereta, tuanze kufunga mizigo ya Kitomanga. Kisha Sipriani akafumbua kinywa, ikatoka ile sauti, na uwanja mzima ukasema kwa pamoja, "Kapandwa!"

Akainuka Bi Kudra. Huyu ndiye anayeshughulika na wenye pepo kuanzia Kinjumbi mpaka sijui wapi. Ni bibi mfupi, tambuu shavuni, na hakuwa na haraka.

"Leteni chetezo," alisema. "Na marashi. Mnakimbia nini? Mgeni huyo!"

Akaenda mpaka mbele ya mume wangu, akamfukiza ubani kuanzia miguuni. Sipriani alinitazama. Nilitikisa kichwa: usiache, usiache! Simu ilikuwa inaonyesha dakika ya pili.

"Karibu, mgeni wetu," Bi Kudra alisema kwa adabu kabisa. "Jina lako nani?"

Kwa bahati kiitikio kilikuwa kimefika. "KABURI WAZIIII!" Sipriani akanguruma.

"Kasema katoka makaburini," Bi Kudra akawatafsiria watu. "Safari ndefu hiyo. Wataka nini? Halua? Kitambaa chekundu?"

Sipriani alikuwa na njia mbili. Angejibu kwa sauti yake, wimbo ungekatika. Angenyamaza, bibi angeendelea kuuliza mpaka magharibi. Akavuta pumzi, akanguruma palepale, ndani ya mapigo:

"NIACHENI NIMALIZEEEE!"

Bi Kudra akawageukia wageni. "Mmesikia wenyewe. Kaeni chini. Mtu akiwa na neno lake hakatizwi."

Wakakaa. Harusi nzima, na shekhe aliyefungisha ndoa, na wapishi wenye miiko mikononi. Hakuna aliyekohoa. Bi Kudra alisimama pembeni ya mume wangu na chetezo chake, na kila Sipriani alipopumua aliitika, "Eeh, tunakusikia." Wigi la Brighton lilianguka, hakuna aliyecheka. Dakika sita na sekunde kumi na moja. Ulipokwisha, vigelegele vilipigwa, Bi Kudra akawanyunyizia marashi mpaka Mfaume akapiga chafya.

Bi Esha alifurahi kupita kiasi. "Harusi ya jirani ilikuwa na spika," alisema. "Yangu imehudhuriwa na mgeni wa makaburini!"

Tulituma Jumapili. Wiki mbili baadaye jibu likaja, nikamsomea Sipriani taratibu. Wamechaguliwa. Kaburi Wazi wanakaribishwa Nairobi, na waandaaji wamevutiwa mno na yule bibi. Bila yeye onyesho halitakuwa kamili. Tafadhali waje naye.

"Miaka minne nanguruma," mume wangu alisema, "wamempenda bibi."

"Wamewapenda wote."

"Yustina, siwezi kusafiri na mtu mzima kwa uongo. Lazima nimwambie sikuwa na pepo."

"Akikasirika akakataa?"

"Basi ndio Kitomanga."

Sikumzuia. Ningemzuiaje, na huo uungwana wake ndio ulionifanya niolewe naye? Tukapanda bodaboda mbili mpaka Kinjumbi. Bi Kudra alikuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Sipriani hakukaa. "Bibi, nimekuja kusema kweli. Siku ile sikupandwa na kitu. Ni muziki. Naimba hivyo kwa makusudi."

Bi Kudra akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Wote husema hivyo."

"Kweli tupu, bibi! Tazama." Akanguruma, akanyamaza. Akasema, "Habari za hapa?" kwa sauti yake. Akanguruma tena. Angela akaanza kusinzia mgongoni mwangu.

Bibi akaweka ungo chini, macho yamemtoka. "Yaani ukimwita anakuja, ukimwambia basi anaondoka? Mjukuu wangu, wengine hilo wanalitafuta miaka saba! Sasa anataka nini tena?"

Nikajibu mimi. "Nairobi, bibi. Na anakutaka na wewe."

"Anataka yeye?"

"Ninataka mimi," Sipriani alisema.

"Haya, haya, usinune. Na wewe utakuja."

Siku hizi mazoezi ni uani kwake, kila Jumapili mchana. Pasi yake ya kusafiria nimemjazia fomu mimi, na pale penye kazi tumeandika "mwanamuziki" baada ya mabishano. Juzi aliwasimamisha katikati ya wimbo, akamnyooshea Mfaume kidole. "Wewe wamkimbiza mgeni. Sijamaliza kumuuliza, ushafika mwisho!" Mfaume, ambaye hajawahi kumsikiliza mtu, akapunguza mbio. Wakarudia kuanzia kwenye kiitikio. Sipriani aliniinamia baadaye, akaninong'oneza, ili Brighton asisikie, kwamba hivi ndivyo wimbo ulivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.