Kinga Isiyohema Mlimani

Kitshanga nzima hakukuwa na mtu wa kumfundisha Mama Adelaïde mambo ya magurudumu. Alisema hivyo mwenyewe, kwa sauti, mbele ya duka la Papa Polycarpe. Kisha akaangalia kulia na kushoto, akaongeza polepole kwamba gurudumu alilolijua vizuri ni la tshukudu ya marehemu mume wake, ule mkokoteni wa mbao wa kubebea viazi, na hata hilo alilijua siku lilipomkanyaga kidole.

Waliokaa barazani wakacheka. Walikuwa hawajacheka siku nyingi. Barabara ya Sake wenye bunduki walikuwa wameifunga kwa kamba, ile ya Mweso ilikuwa na barieri, kamba nyingine ya kusimamisha wapitao, na katikati ya kamba hizo mbili mji ulikaa kama kuku chini ya kikapu: unaona mwanga, hutoki.

Jambo lililomleta halikuwa la kuchekesha. Mama Adelaïde alikuwa anapima uzito wa watoto kwenye kituo cha afya, juu ya kilima, ng'ambo ya barieri. Zamani alipanda moto, pikipiki ya kukodi, kwenda kazini. Sasa moto zote zilikuwa zimechukuliwa, na wenye bunduki walitoa amri fupi: chenye moteri hakipiti, kinabaki. Kwa miguu, magoti yake yalimfikisha kituoni saa ambayo wamama wameshachoka kungoja, wameshuka. Muganga Jacques, mkubwa wa kituo, alimwambia bila kuzunguka:

"Mama, ukichelewa tena, ile mizani nitamupa mwingine. Na hayo magoti usiyalaze. Uyazungushe polepole kila siku, njo dawa yake."

Akikosa mizani, kilichobaki ni chumba. Chumba kimoja, dirisha moja linaloangalia ukuta, na wifi yake Régine, aliyekimbia kutoka Mushaki na watoto wake wote, na anayeanza kulalamika kabla hajafungua macho. Mama Adelaïde alikuwa ameshamwambia Mungu waziwazi: risasi anaweza kuzizoea, Régine hapana.

Papa Polycarpe, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, alikuwa na kinga mbili za umeme, baiskeli zenye batiri, nyuma ya magunia ya chumvi. Aliziagiza kwa ajili ya mzungu wa shirika fulani. Barabara ikafungwa, mzungu akaondoka na ndege, kinga zikabaki mateka kama watu wengine wote.

"Hii nyekundu iko simba," alisema, akiipangusa vumbi. "Unazungusha mukono hapa, inaenda yenyewe. Miguu unaitandaza tu kama bibi harusi."

"Na batiri yake?"

"Hii hapa nyuma."

"Kubwa kama Biblia ya padri! Inaonekana mpaka Walikale. Hii watanipokonya mbele sijaikalia."

Ya pili ilikuwa ya kijivu, ya kizee-kizee, isiyo na chuma cha juu, ambayo mtu anaipanda na kitenge chake bila kuwaonyesha watu mambo. Batiri yake ilikuwa imelala kwenye chuma cha chini, nyeusi, nyembamba, ndefu kama chupa.

"Hii, Mama, nisikudanganye," alisema Polycarpe, kama mtu anayeungama ugonjwa wa ng'ombe wake. "Haiendi kama haukanyage pedali. Ukikanyaga, inakusaidia. Ukiacha, na yenyewe inaacha."

"Ningepata bwana wa namna hiyo, nisingelizeeka! Wacha niione."

Hakuichagua kwa macho tu. Alimwamuru aizime, akaisukuma mwenyewe kwenye ubao wa kupakilia magunia, ajue siku batiri itakapokufa njiani atakuwa anasukuma kinga au ng'ombe. Ilikuwa ndama. Akashika freni, zikashika. Kisha akaipanda, na kwa kuwa nje kulikuwa na wenye bunduki, akazunguka uani, kati ya chumvi na mafuta ya mawese. Akazunguka, akazunguka. Magoti hayakulia. Tangu kamba zifungwe, ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaenda, ijapokuwa hakuna alikokuwa anaenda.

Aliibadilisha na mbuzi wake wa mwisho, ambao watu wa barieri walikuwa wameshaanza kuwaangalia kwa upendo.

"Wakikusimamisha utasema nini?" aliuliza Polycarpe.

"Ukweli."

Polycarpe akamtazama.

"Basi, nitapita kando yake kidogo," alisema Mama Adelaïde.

Kilima cha barieri hakuna anayekipanda juu ya kinga. Hata vijana wenye mapaja kama mitungi wanashuka, wanasukuma. Mama Adelaïde alilijua hilo, akapanga kazi yake. Kila asubuhi alipanda ameketi mpaka kwenye kona ya mikaratusi, pale macho ya barieri hayafiki. Hapo alishuka, akajimwagia maji usoni, akasukuma akihema kama mvukuto. Mkubwa wa barieri, mtu mzima aliyeitwa Papa Kamba kwa sababu kamba ililala magotini pake kutwa, alimhurumia mpaka akawa anaishusha mwenyewe.

"Pole, Mama."

"Aksanti, Papa. Hiki kilima kitaniua."

Kituoni aliichaji kwenye sola, kando ya friji ya chanjo. Mizani ikabaki mikononi mwake. Na magoti, kwa kuzungushwa hivyo polepole, yakaanza kupona.

Shida ya magoti yanayopona ni kwamba yanamsahaulisha mtu. Asubuhi moja kijana mmoja wa mjini, Maurice, na wenzake walikuwa wanasukuma tshukudu ya viazi, migongo imelowa. Mama Adelaïde akawapita ameketi, akiimba wimbo wa Pasaka, sauti ya kwanza, bila kukata neno.

"Mama Adelaïde!" Maurice alipiga kelele. "Unakunywaka nini asubuhi? Utuletee na siye!"

Akacheka, akapunga mkono. Alipogeuza uso, mikaratusi ilikuwa nyuma, kamba ilikuwa mbele, naye alikuwa juu ya kiti, kwenye kiitikio.

Akaruka chini, akaanza kuhema. Alikuwa amechelewa kidogo.

"Mama," alisema Papa Kamba, bila kushusha kamba. "Mi niko mutoto wa Ngungu. Kwetu kule, kwenye kilima hata padri anashukaka kwenye kinga. Weye unapanda ukiimba."

"Njo nguvu ya Bwana, Papa."

"Iko na moteri?"

"Moteri! Muntu wa moteri angekuwa na magoti kama haya?"

"Na kile cheusi?"

"Iko chupa tu. Maji yangu ya kumeza dawa."

Papa Kamba akalamba midomo. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Nisaidie kidogo basi. Tangu alfajiri sijakunywa."

"Imekwisha, Papa. Kilima hiki!"

Akainama, akaipima kwa kiganja. "Chupa tupu, na iko nzito hivi?" Kidole chake kikapita pembeni, kikakuta kitufe, kikabonyeza. Taa za kijani zikawaka, zikapangana kama waumini kwenye benchi.

Papa Kamba akaziangalia, kisha akamwangalia yeye.

"Maji yako inawaka, Mama."

Nyuma, tshukudu ilikuwa imesimama. Hata Maurice hakucheka. Mama Adelaïde akafungua kinywa, akatafuta, akapata.

"Iko maji ya baraka," alisema.

Papa Kamba akaivuta kamba, akaikaza.